Krismasi ya Kilimanjaro huanza na ulezi: maandalizi ya Desemba kwa anayerudi nyumbani

Kila Desemba Wachaga walioko Dar, Dodoma, Mwanza na kwingineko hupanda kwenda mlimani, na kila Desemba kazi ya kuwapokea huwaangukia wazee wawili waliobaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba. Bibi anaambiwa kwa simu tarehe 20 kwamba wanakuja watu 18. Magodoro yamelowa, ulezi haujaloweshwa, mbuzi wamepanda bei, na mvua za vuli zimeshageuza barabara ya kijijini kuwa utelezi. Wageni wakifika wanakuta kila kitu tayari na kusifia mapishi, na mzee wa watu hajalala siku tatu. Hilo linarekebishika kama mnaotoka mbali mtahesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe 25 na kubeba sehemu yenu mapema.

Kinachoongoza ratiba yote ni mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho pesa ya dakika za mwisho haiwezi kukiharakisha. Nyama utanunua tarehe 24 ukikubali kuumizwa bei. Mbege ya nyumbani inataka wiki mbili na zaidi kidogo.

Anza na kimea. Ulezi unaoshwa, mawe na makapi yanatolewa, unalowekwa kwa usiku na mchana, kisha unachujwa na kufunikwa kwenye gunia safi au majani ya migomba. Unanyunyiziwa maji kidogo asubuhi na jioni mpaka uote, kwa kawaida siku mbili hadi tatu. Hapo unaanikwa. Shida ya Desemba ni jua: siku ya kwanza limewaka, ya pili mawingu, ya tatu mvua. Kimea kisichokauka vizuri huota ukungu, na harufu ya ukungu haifichiki ndani ya pombe. Kwa hiyo acha siku tano za kuanikia badala ya mbili, au uagize ulezi uoteshwe Novemba, ukaushwe, na uhifadhiwe bila kusagwa. Unga wa kimea ukikaa muda mrefu hupoteza nguvu. Punje zilizokauka hukaa vizuri zaidi, zinasagwa siku mbili tatu kabla ya kazi.

Ndizi zinakatwa zikiwa zimekomaa, mnamo tarehe 10 hadi 12, na kuwekwa darini au kwenye rundo lililofunikwa ili ziive pamoja. Ndizi iliyoiva nusu ndiyo chanzo cha mbege isiyo na utamu. Tarehe 18 au 19 zinamenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi kwa moto wa wastani mpaka rojo ligeuke rangi ya wekundu wa kahawia. Likipoa linafunikwa kwenye pipa na kuachwa lichachuke siku tatu hadi tano. Mfuniko usikazwe: chachu hutoa hewa, na pipa lililobanwa hutapika au kupasuka. Pipa lenyewe liwe la chakula. Yale mapipa ya bluu yanayouzwa kwa bei rahisi mengine yalibeba kemikali za viwandani, na hakuna sabuni inayotoa hiyo sumu kwenye plastiki.

Tarehe 23 jioni au 24 asubuhi rojo linachujwa, na uji wa kimea unapikwa. Hapa ndipo wengi wanaojifunza huharibu: wanamimina uji ukiwa bado wa moto. Joto linaua chachu, na kesho yake mnakuwa na uji mtamu wa ndizi. Uji upoe mpaka mkono ukae ndani bila kuungua, ndipo uchanganywe. Gome la msesewe, linaloleta ule uchungu wa mbege, liwe kidogo, maana likizidi halitoki. Majina ya hatua hizi na vipimo vyake hubadilika ukitoka Machame kwenda Kibosho, Marangu mpaka Rombo, na kila bibi ana hakika wa kwake ndio sahihi. Mfuate wa kwenu. Kisima cha maarifa haya ni yeye, na Desemba ndiyo nafasi ya wajukuu kusimama naye pale jikoni na kuandika vipimo. Panga lita moja kwa mnywaji mmoja kwa siku, usizidishe, kwa sababu baada ya siku mbili mbege huanza kuwa chachu mno.

Sasa nyumba. Iliyofungwa tangu Januari inahitaji mtu wa kuifungua wiki mbili kabla, si siku moja kabla. Magodoro yaanikwe siku zenye jua, neti zifuliwe, dari ikaguliwe kama kuna nyigu au panya, na tangi la maji lisafishwe. Hesabu ya maji ni rahisi: mtu mmoja anatumia kama lita 40 kwa siku kwa kuoga, kupika na choo, kwa hiyo watu 20 wanamaliza lita 800. Tangi la lita 5,000 linawapeleka siku sita. Kama bomba la kijiji linatoka kwa mgao, anza kujaza tarehe 15, kwa sababu kuanzia tarehe 20 kila nyumba mlimani inafungua koki na presha inakufa.

Umeme una mtego wake. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kutumia, kila mwezi, na nyumba isiyonunua umeme haisamehewi: deni hulimbikizwa na kukatwa siku utakaponunua. Mtu anatuma pesa kidogo usiku wa tarehe 22 akitegemea uniti, anapata chache kuliko alivyotarajia. Nunua mapema, na muombe aliyeko nyumbani aingize tokeni na kukusomea salio. Kuna jingine kubwa zaidi. Mita ambayo haikuingiziwa tokeni za maboresho kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 hukataa tokeni mpya. Kama nyumba yenu ilikuwa imefungwa wakati ule na hakuna aliyeishughulikia tangu hapo, hilo ni la kumalizana na TANESCO siku ya kazi, mapema mwezini.

Mnyama akatafutwe Novemba. Mbuzi wa kulishwa bandani kwa jirani ni bora kuliko wa kukimbilia mnadani tarehe 22, ambako kila mtu ni mnunuzi na muuzaji anajua. Lipa kianzio, mwache alishwe pale pale. Unapomkagua angalia macho yang'ae, pua isitiririke, nyuma pawe pakavu, na manyoya yalale. Akikohoa mwache. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 12 hivi pamoja na mifupa, na ukihesabu gramu 300 kwa mtu, wanakula watu 40 mlo mmoja. Mara nyingi familia hununua wawili pale ambapo mmoja na mtori wa kutosha vingetosheleza. Ndafu, yule beberu aliyehasiwa na kunoneshwa, aagizwe mapema zaidi kwa sababu kunonesha kunachukua miezi. Na kabla kisu hakijashuka, awepo mzee anayejua mgao. Kwa Wachaga kila kipande cha mnyama kina mwenyewe, kuanzia kidari, na mgao hutofautiana ukoo kwa ukoo. Kijana aliyekatakata nyama yote vipande vya mchuzi kwa nia njema ameshawahi kuzua kikao kirefu katika nyumba nyingi. Damu ya kisusio, ile supu ya damu, nayo ikingwe kwenye chombo safi na ikorogwe papo hapo isigande, na supu ichemke sawasawa.

Mtori kwa watu kumi: ndizi mshare mbichi 25 za ukubwa wa kati, nyama yenye mifupa kilo moja na nusu, vitunguu viwili, chumvi, na samli au siagi vijiko viwili. Nyama inachemshwa kwanza mpaka iachie mfupa, kama saa moja na nusu. Ndizi zinamenywa huku mikono imepakwa mafuta kwa ajili ya utomvu, na kila moja inatumbukizwa kwenye maji mara moja. Zikiachwa hewani huwa nyeusi, na mtori unatoka wa kijivu hata ukiwa mtamu. Toa nyama, weka ndizi na vitunguu kwenye ile supu dakika 30 hadi 40, kisha ponda zikiwa za moto. Ndizi zikipoa huacha vibonge ambavyo mwiko hauwezi kuvimaliza. Bakiza supu lita moja pembeni, kwa sababu mtori ukikaa hukaza, na kuulegeza kwa maji baridi kunaua ladha.

Safari yenyewe. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560: Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Waliosafiri zama za stendi ya Ubungo wanakumbuka daraja la zamani la Wami, jembamba, magari yakisubiriana juu ya mteremko mkali. Daraja jipya limeondoa hilo. Stendi ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021 na inaitwa Magufuli, kwa hiyo anayekaa Mbagala au Kigamboni ahesabu saa mbili za kufika tu pale, na atoke mapema zaidi akiwa na mizigo.

Tiketi ya basi ikatwe mara ratiba ya Desemba inapofunguliwa, na ya kurudi ikatwe pamoja nayo. Msongamano wa kwenda huanza kama tarehe 18 na kukaza 22 na 23. Wa kurudi uko tarehe 1 hadi 4 Januari, na ndio mbaya zaidi kwa sababu wote wana tarehe moja ya kuripoti kazini, na shule zinakaribia kufunguliwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutangaza nauli kikomo kwa kila njia kulingana na daraja la basi. Iangalie kabla ya kulipa, na udai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, namba ya kiti na namba ya gari. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono na mpiga debe getini haikupi haki yoyote likija basi bovu, au mkijikuta wawili kiti kimoja. Abiria wakizidi sana mamlaka hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia kaskazini. Ni msaada mkubwa, ila dereva wake huenda haijui barabara hiyo, kwa hiyo ukiwa na uchaguzi panda linalopita huko mwaka mzima. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023. Kwa mwenye watoto wadogo na wazee, basi la alfajiri bado ni bora.

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya robo karne ya kutokuwepo, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Ni ya polepole, inalala njiani, na siku zake kwa wiki ni chache, lakini kwa familia yenye mizigo mingi na isiyo na haraka ni usafiri wa raha kuliko inavyosifiwa. Thibitisha ratiba na Shirika la Reli (TRC), kwa sababu mvua zikikata reli safari hubadilishwa.

Kwa wenye gari dogo, na Desemba barabara ile imejaa IST na Noah, gari lipelekwe kwa fundi mwanzoni mwa mwezi, siyo tarehe 21 ambapo gereji zote zimejaa na kazi inafanywa mbio. Kagua pedi za breki na mafuta yake, mkanda wa feni, mfuniko wa rejeta, mipira ya maji, bushi na shokapu. Maji matupu kwenye rejeta yanavumilika mjini. Kupanda Marangu ukiwa na watu watano na buti limejaa, gari litachemka, kwa hiyo weka kulanti. Tairi lisomeke tarehe yake: pembeni kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita, hata kama kashata zake ni nzuri, usilibebeshe mzigo kupita Hedaru na Same saa sita mchana. Lami ya pale inachoma, upepo ndani ya tairi hupanda, na mpira uliozeeka hupasukia hapo. Jaza upepo kufuata kibandiko kilichoko mlangoni kwa dereva, kipimo cha gari lenye mzigo, asubuhi tairi zikiwa baridi. Spea nayo ipimwe. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu na kizimamoto viwe juu ya mizigo, maana pancha haisubiri ushushe magunia.

Ondoka saa kumi alfajiri. Foleni ya malori kati ya Kibaha na Chalinze inaanza mapema, na anayeanzia Tegeta au Bunju ni bora apite Bagamoyo atokee Msata. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ambao ndio wa kweli ukijumlisha vibao vya 50, mapumziko ya Segera na Korogwe na ya watoto, unafika Himo kama saa saba mchana. Kibao cha 50 kinahesabika mpaka uone cha kukifuta. Wengi hukamatwa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo kwa kudhani nyumba zikiisha na kibao kimeisha, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Ukiona matawi mabichi yamepangwa barabarani, punguza mwendo: mbele kuna lori bovu, mara nyingi limeegeshwa nusu ndani ya lami. Kuanzia Same hadi Mwanga ng'ombe huvuka bila mchungaji kuonekana. Kiti cha nyuma watoto wafungwe mikanda, hata wakilalamika. Hakuna zawadi ya Krismasi inayozidi hiyo.

Himo au Moshi mjini simama. Jaza mafuta, na toa pesa taslimu, kwa sababu mawakala wa vijijini huishiwa floti tarehe 23 na 24, wakati kila mtu anatoa na hakuna anayeweka. Mchele usiubebe kutoka Dar kama ni gunia. Tambarare za Lower Moshi, Chekereni, wanalima mpunga. Beba badala yake dawa za presha na sukari za wazee za mwezi mzima, kwa sababu ndizo zinazokosekana wiki hiyo.

Barabara za kutoka lami kupanda vihambani zitengenezwe na watu kabla magari hayajaja. Mchango wa moramu ukitolewa Novemba, kifusi kinashindiliwa na mvua za mwanzo. Kikimwagwa tarehe 22 kinakuwa tope jekundu. Fika kabla ya mvua ya alasiri. Kwenye utelezi panda kwa gia ndogo, mwendo mmoja, bila kusimama katikati wala kukanyaga mafuta ghafla. Gari likigoma usilazimishe. Omba kuliacha kanisani au kwa mwenye duka karibu na lami, mizigo ibebwe na bodaboda. Wakati wa kushuka ni gia ndogo vile vile. Harufu ya breki kuungua ikija, simama zipoe, usizimwagie maji.

Sikukuu yenyewe ina mpangilio wake: ibada ya mkesha, ibada ya tarehe 25, na katika siku zinazofuata ubatizo, harusi na kikao cha ukoo. Kaburi lisafishwe kabla ya mkesha na lipakwe chokaa siku yenye jua, maana chokaa mbichi ikinyeshewa inaondoka yote. Kikao cha ukoo kiwekwe tarehe 26 au 27 asubuhi, kabla ya mbege. Masuala ya mipaka ya kihamba na masale (mimea ya kuonyesha mpaka) yaliyohamishwa hayajadiliwi vizuri jioni. Ajenda itumwe wiki mbili kabla kwenye kundi la WhatsApp, mhazini alete daftari na si kumbukumbu, na zamu za mwaka unaokuja za kumtembelea bibi ziandikwe kwa majina.

Zamu za jikoni pia ziandikwe, wanaume wakiwemo. Kuni, maji, vyombo, na watoto wa watu wengine. Bibi apewe kiti, aelekeze.

Mizigo ya kurudi ni ndizi, magimbi na maparachichi. Mkungu ukatwe siku ya mwisho, ufungwe kwa majani makavu ya mgomba, usilaliwe na sanduku. Ndani ya buti lenye joto ndizi mbichi huanza kuiva baada ya siku mbili, kwa hiyo ukifika zitoe usiku huo huo. Parachichi lichumwe gumu na kikonyo chake kidogo, likikosa kikonyo linaoza kuanzia juu, na lipangwe kwenye boksi lenye matundu.

Kabla ya kufunga nyumba, funga koki kuu ya maji, toa chakula chote kinachoita panya, inua magodoro yasimame yaegemee ukutani, na acha uniti za umeme za taa ya nje. Mlinzi alipwe mbele. Mpe bibi orodha ya namba za simu kwa maandishi makubwa, na mwache mmoja wenu akae siku mbili zaidi afue mashuka ya watu 18.